Ameacha Pombe, na Sigara Je?

Miaka minne iliyopita, siku mbili kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, kijana mmoja alimwendea mamake baada ya sala ya Isha, akaketi miguuni pake na kumwambia kuwa ametubia: pombe hataigusa tena. Alikuwa na umri wa miaka 34, ana mke na watoto wawili, na kwa muda wa miaka saba haikupita siku asiyokunywa. Alianzia mangweni kwa mnazi, akaishia kwenye vichupa vya pombe kali. Mama alilia kwa furaha. Ndugu wakakusanyika, dua ikasomwa, na mjomba, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba hiyo, akatoa shauri ambalo kila mtu aliliona la busara: "Mwanangu, usijitwike mizigo miwili kwa mara moja. Pombe ndiyo haramu, iache leo. Sigara utavuta baada ya futari, na siku moja Mungu akipenda utaiacha nayo."

Siku ya pili mikono ilimtetemeka hata hakuweza kushika gilasi ya maji. Jasho lilimtoka kwa wingi, na chakula hakikukaa tumboni. Wakasema ni pombe inatoka mwilini, aachwe. Usiku wa tatu, msikitini watu wakisali tarawehe ya kwanza, alianza kupangusa siafu kwenye shuka ambao hakuna mwengine aliyewaona, akawa azungumza na babu yake aliyekwisha kufariki. Jirani mmoja akasema huyo ni jini amekasirika kwa kunyimwa kinywaji chake. Akaitwa shekhe aje amsomee. Shekhe akasoma, kisha akaweka kiganja chake kwenye kifua cha yule kijana, akanyamaza kidogo, akasema: "Moyo huu wakimbia mno. Huyu ni wa hospitali. Tafuteni gari, nami nitasoma humo humo njiani." Kabla hawajafika, kijana alishikwa na kifafa, yeye ambaye hajapata kuwa na kifafa maishani mwake. Alilazwa siku sita, akanusurika.

Leo hanywi. Lakini sigara, ambazo siku zile zilikuwa kumi kwa kutwa, sasa ni pakiti moja na nusu. Mwezi huu wa Rajabu alitangaza kuwa ataka kuziacha nazo, na safari hii aliyemzuia ni mkewe. "Mwacheni na sigara zake," alisema. "Siku nitakayomwona hana sigara, najua ya pili nitamwona ana chupa." Mama mtu ndiye aliyetuletea kisa hiki, naye ametupa idhini ya kukiandika pasi na majina. Aliuliza maswali mawili. Je, ilikuwa makosa kumwachisha pombe peke yake? Na je, mkewe ana haki ya kuogopa?

Tumelichukua swali lake kwa uzito kwa sababu twajua si la nyumba moja, na kwa sababu Shaaban yaja, na baada yake ni Ramadhani, msimu ambao nyumba nyingi za pwani huwa na mtu anayenuia jambo kama hili. Tuanze na lile lililokaribia kumuua.

Mwili uliozoea pombe

Mtu anayekunywa sana kila siku, kwa miezi au miaka, ubongo wake huwa umejirekebisha ili ufanye kazi ndani ya pombe. Pombe hutuliza, nao ubongo, ili usilale usingizi wa moja kwa moja, hujizidishia nguvu za kuamka. Ukiiondoa pombe ghafula, zile nguvu za ziada hubaki bila cha kuzizuia. Ndipo huja mitetemeko na jasho, kwa kawaida ndani ya saa 6 hadi 12 tangu kinywaji cha mwisho. Kifafa, kwa atakayepatwa nacho, aghalabu huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Na hali iliyo mbaya kuliko zote, ya kuweweseka, kuona visivyokuwapo, homa na moyo kwenda mbio, huanza kati ya siku ya pili na ya nne. Bila ya matibabu, hali hiyo huua.

Si kila mnywaji hupatwa na haya. Anayekunywa siku moja moja aweza kuacha leo, na hatari kubwa iliyo mbele yake ni marafiki zake. Wa kuogopewa ni yule anayeamka na kutetemeka mpaka anywe kwanza, anayekunywa kutwa, aliyewahi kushikwa na kifafa au kuweweseka alipojaribu kuacha zamani, au aliye mzee na mgonjwa. Huyo asifungiwe chumbani, hata kwa mapenzi. Apelekwe kwa daktari kabla ya siku ya kuacha, na familia iseme ukweli wote kuhusu kiasi anachokunywa. Hapa ndipo aibu hutuponza. Mke humwambia daktari kuwa mumewe "anakunywa kidogo tu," naye daktari hutibu hicho kidogo alichoambiwa.

Dawa zipo, tena si ngeni. Madaktari hutumia dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu kwa siku chache, kwa kipimo kinachopunguzwa hatua kwa hatua, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi huwa wameishiwa nayo na ambayo upungufu wake huharibu ubongo. Tumesikia watu wakihofia kuwa mgonjwa atapewa pombe kidogo kidogo hospitalini. Hizo dawa hazina pombe. Wala zisinunuliwe dukani na kugawiwa nyumbani kwa kukisia, kwani nazo humzoesha mtu, na zikichanganyika na pombe huweza kuzima pumzi.

Na ikiwa siku hizo zitaangukia ndani ya Ramadhani? Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa baadaye. Hilo liko wazi katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Mwenye kutetemeka na kutapika kwa sababu ya kuacha pombe ni mgonjwa, ingawa ugonjwa wenyewe aliutafuta kwa mikono yake. Twapendelea sana aanze Rajabu au Shaaban, ili mwezi umkute akiwa mwili umetulia.

Hapa wapo wanaouliza: mbona siku ya kuharamishwa pombe Madina, watu waliimwaga barabarani kwa siku moja? Ni kweli. Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa akiwanywesha wageni katika nyumba ya Abu Talha ilipokuja habari, akaamrishwa aimwage, akaimwaga. Lakini tusisahau yaliyotangulia siku hiyo. Kwanza ilikuja aya ya Al-Baqara 219, iliyotaja kuwa madhara yake ni makubwa kuliko manufaa. Kisha An-Nisaa 43, iliyokataza kuikaribia sala katika hali ya ulevi. Na mwenye kusali sala tano huwa hana tena nafasi kubwa ya kulewa mchana. Ndipo ikaja Al-Maida 90. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, ameeleza maana ya jambo hili: lau amri ya kwanza kushuka ingekuwa ni kuacha pombe, watu wangekataa. Hukumu sasa imekamilika, na hakuna anayeruhusiwa kuendelea kunywa kwa kisingizio cha hatua. Tunalolitoa hapo ni adabu tu: Mola aliye mjuzi wa miili na nyoyo aliwaandaa watu kabla ya kuwaamrisha, nasi tumwandalie mgonjwa wetu daktari.

Shauri la mjomba

Sasa turudi kwa mjomba. Hatumlaumu, kwa kuwa shauri lake ndilo shauri la karibu kila baraza. Pombe ni haramu kwa nassi isiyo na shaka. Tumbaku haikujulikana zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, na wanazuoni walipoijadili walikhitilafiana. Wapo walioiita makruhu, na wengi katika wa zama zetu, baada ya madhara yake kudhihirika, wameelekea kuiharamisha. Lakini barazani neno lililobaki ni lile la zamani: "Sigara ni makruhu tu." Na hilo neno "tu" ndilo tunalotaka kulizungumzia. Kwa sababu dhambi ya pombe ni kubwa, tumedhani na hatari yake kwa mwili ni kubwa kuliko ya sigara daima. Mapafu na moyo havisomi fiqhi.

Mwaka 1996 madaktari wa Mayo Clinic, hospitali mashuhuri ya Minnesota nchini Marekani, walichapisha hesabu ya kusikitisha. Waliwafuatilia wagonjwa 845 waliokuwa wametibiwa hapo kwa ulevi na uraibu mwengine, kati ya mwaka 1972 na 1983. Katika hao, 222 walikuwa wamekwisha kufa. Walipochunguza sababu za vifo, walikuta zaidi kidogo ya nusu vilihusiana na tumbaku, na vilivyohusiana na pombe vilikuwa kama theluthi moja. Yaani watu waliokwenda kutibiwa ulevi waliuawa zaidi na kile ambacho hakuna aliyewaambia wakiache.

Hata aliyeanzisha pamoja na mwenzake kile chama maarufu cha walevi wanaosaidiana kuacha, Bill Wilson wa Marekani, hakusalimika na hili. Aliacha pombe mwaka 1934 na hakuirudia mpaka kufa, akawa sababu ya maelfu kuiacha. Sigara hakuiacha ila akiwa amechelewa. Alifariki Januari 1971, mapafu yake yakiwa yamekwisha haribika.

Tena vitu hivi viwili vikikutana katika mwili mmoja havijumlishwi, bali huzidishana. Pombe hulainisha njia, moshi hupenya. Kinywa, koo na umio ndivyo vinavyoathirika zaidi, na saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazowaua Wakenya wengi.

Je, aache vyote kwa pamoja?

Hapa ndipo tunapokaribia swali la mkewe. Zamani, hata huko ng'ambo, ushauri wa vituo vya tiba ulikuwa kama wa mjomba: usimsumbue mlevi kuhusu sigara, atashindwa kote kuwili. Watafiti wakalipima jambo hilo. Huko huko Minnesota, wagonjwa 499 wa ulevi waliokuwa wakivuta waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilisaidiwa kuacha sigara wakati huo huo wa tiba ya pombe, na jingine baada ya miezi sita. Matokeo yalitolewa mwaka 2004. Walioacha sigara walikaribiana idadi pande zote mbili, lakini lile fungu la kwanza halikufanya vyema katika kujiepusha na pombe. Mjomba akipata habari hii atafurahi.

Lakini mwaka huo huo ulitoka uchunguzi mwengine, uliozikusanya pamoja tafiti 19 za namna hii. Huo ulionyesha kuwa waliosaidiwa kuacha sigara wakiwa katika tiba walikuwa na nafasi zaidi, kwa asilimia 25, ya kudumu mbali na pombe na dawa za kulevya. Na mwaka 2015, watafiti wa Marekani waliotazama watu waliokwisha pona ugonjwa wa ulevi walikuta, baada ya miaka mitatu, wale wanaoendelea kuvuta ndio walioelekea zaidi kurudi kwenye chupa.

Sisi tunazisoma habari hizi pamoja hivi. Kuacha vyote siku moja si hatari kwa maisha zaidi ya kuacha pombe peke yake, maana kuacha sigara hakuui. Hukasirisha, huleta njaa na kukosa usingizi, hali huwa ngumu zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua kwa wiki mbili hadi nne. Kwa mnywaji mwepesi, aache vyote kwa pamoja. Sigara na kinywaji vimezoea kuitana, na mmoja akibaki mlangoni atamwita mwenziwe. Kwa mlevi wa kila siku, pombe itangulie mikononi mwa daktari, na sigara ifuate baada ya wiki kadhaa, au pamoja iwapo mwenyewe ana hamu hiyo na kituo kina msaada. Lililo muhimu ni kuwa sigara iwe na tarehe. Mjomba hakukosea kusema pombe itangulie. Alikosea aliposema "siku moja", kwa sababu siku moja hiyo imechukua miaka minne na pakiti moja na nusu.

Na kwa mke wa kijana huyu, twasema kwa heshima kuwa hofu yake ina asili, kwani ndiye aliyelala na hofu miaka saba. Lakini miaka minne bila pombe si siku nne. Hakuna ushahidi kwamba sigara ndiyo inayomshikia mumewe toba. Ushahidi uliopo waelekea upande wa pili.

Mambo ya nyumbani

Yapo mambo madogo ambayo wenye nyumba hawayatarajii. Mojawapo ni kahawa. Moshi wa sigara hulifanya ini lisage kafeini upesi. Mvutaji akiacha, kahawa ile ile aliyoizoea hukaa mwilini muda mrefu na nguvu zake huzidi. Mtu asiyevuta tena, akinywa vikombe vyake vile vile vya kahawa chungu barazani, atatetemeka, moyo utampiga na usingizi utamkimbia, naye atadhani ni kiu ya sigara. Apunguze kahawa hadi nusu tangu siku ya kwanza. Tumeambiwa na wanaume wawili kuwa sharti hili liliwauma kuliko lile la sigara.

Jengine ni miraa na muguka. Wengi wa vijana wetu hutafuna alasiri, huvuta huku wakitafuna, kisha hunywa usiku ili handasi ishuke wapate kulala. Anayenuia kuacha pombe na sigara huku kikao cha muguka kikibaki pale pale, amejifungia ndani pamoja na adui. Vivyo hivyo kuberi. Haina moshi, lakini ni tumbaku, na kinywa huilipia. Shisha nayo ilipigwa marufuku nchini Desemba 2017, na ambao bado wanaitumia kwenye sherehe za wanawake watusamehe kwa kuwataja. Tunaposema "mvutaji" hatumaanishi mume na mtoto wa kiume peke yao.

Vipo vibandiko na chingamu za nikotini katika maduka makubwa ya dawa. Humpa mtu nikotini bila ya moshi, kisha hupunguzwa polepole. Bei yake si ya kila nyumba, ila anayetumia pakiti moja na nusu kwa siku na apige hesabu ya pesa anazochoma kwa mwezi kabla hajalalamika. Hamu ya sigara inapokuja hudumu dakika chache tu. Kutia udhu, kunywa maji, kutoka kwenda kumwangalia jirani, chochote kitakachozipitisha dakika hizo chatosha.

Kwa pombe, msaada wa kwanza ni hospitali ya serikali iliyo karibu. Hapa Mombasa jumuiya ya MEWA imekuwa ikiwatibu waraibu kwa miaka mingi, katika mazingira yenye sala na darsa. Mamlaka ya NACADA ina simu isiyolipiwa, 1192, na anayepiga haulizwi dini wala ukoo. Na akina mama, tafadhali: mtu akitetemeka na kuona vitu, msomeeni, lakini msomeeni njiani.

Kijana wetu ameweka tarehe yake. Ni tarehe 10 Shaaban. Mjomba, tumeambiwa, ameahidi kumtafutia kibandiko cha kwanza kwa pesa zake mwenyewe, na mke amekubali kwa sharti moja: kwamba wiki hizo mbili za hasira, mumewe aende kulala kwa mamake.